Filamu ya Market Street ya 1906: kipi ni cha kamera, kipi kimeongezwa

Swali: "Mimi ni mhariri wa video hapa Nakuru, na sasa natengeneza kipindi kuhusu tetemeko la San Francisco la 1906. Nimepata video ya barabara ya Market iliyopigwa kabla ya tetemeko. Ina rangi, ina sauti, na picha inateleza laini kabisa. Maandishi yake yanasema ilipigwa siku nne kabla ya jiji kuanguka. Mwenzangu anasema hiyo ni kazi ya kompyuta, niachane nayo. Nani kati yetu yuko sahihi? Na nikitaka picha nyingine za kale za jiji hilo, za karne yote ya 20, nitazipata wapi bila kujiingiza kwenye kesi ya hakimiliki?"

Ndugu yangu, wewe na mwenzako mmegawana ukweli. Filamu hiyo ni ya kweli kabisa. Lakini ile iliyomo kwenye kompyuta yako siyo filamu hiyo tena. Ni filamu iliyopakwa rangi, ikatiwa sauti, kisha ikajazwa picha ambazo hazijapita mbele ya kamera yoyote. Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya kukagulia mikanda ya filamu, na swali lako ni la msingi sana katika kazi hii, kwa hiyo niruhusu nilijibu kwa kirefu. Nitaanza na filamu yenyewe, maana ukiijua ilivyopigwa utaona mwenyewe pa kushika na pa kuachia.

Walioipiga ni ndugu wa ukoo wa Miles: Harry, Herbert, Earle na Joe. Studio yao ilikuwa namba 1139, Market Street, San Francisco. Walifunga kamera mbele ya tramu inayovutwa kwa kebo, wakaanzia karibu na Mtaa wa 8 na kuelekea mashariki hadi Ferry Building, jengo lenye mnara wa saa ambako watu walipanda vivuko vya kuvuka ghuba. Safari nzima ni kama dakika 13. Filamu za namna hiyo, za kumfanya mtazamaji ajione yeye ndiye anayesafiri, zilikuwa na soko kubwa wakati ule. Kulikuwa hata na kumbi zilizojengwa kama behewa la treni, mtu anakata tiketi, anakaa kwenye kiti cha abiria, na mbele yake panaonyeshwa njia inayokimbia.

Simamisha picha mahali popote utazame katikati ya reli. Utaona mstari mwembamba mweusi unaonyooka hadi mbali. Huo ni mwanya, na chini yake kebo ya chuma ilikuwa ikikimbia kutwa nzima. Mwendesha tramu aliibana kwa kishikio kama koleo ili gari livutwe, akiilegeza gari linasimama. Wakazi wa jiji waliugeuza mwanya huo kuwa mpaka. Kaskazini yake palikuwa na mabenki, mahoteli na maduka makubwa. Kusini palikuwa na viwanda, karakana na nyumba za vyumba vya kupanga walimolala vibarua. Mtu akisema anakaa kusini ya mwanya, ulishajua hali ya mfuko wake. Kamera ya akina Miles imepita juu ya mpaka huo mwanzo hadi mwisho bila kugeuza shingo, na hilo ni jambo la kukumbuka kila unapoitazama: umeonyeshwa barabara ya fahari ya jiji. Vichochoro vya kusini, vilivyojengwa sehemu kubwa juu ya kinamasi kilichofukiwa na ambavyo siku chache baadaye vingeanguka vibaya mno, havimo. Mtaa wa Wachina nao haumo.

Sasa tuje kwenye tarehe, kwa sababu hapo ndipo penye somo zuri kuliko yote. Kwa miaka mingi Maktaba ya Bunge la Marekani iliiorodhesha filamu hii kuwa ya Septemba 1905. Hawakubahatisha. Waliangalia majengo yaliyokuwa bado yanajengwa, wakalinganisha na habari za magazeti. Kisha mtafiti David Kiehn, wa jumba la makumbusho ya filamu bubu la Niles, mjini Fremont, akaitazama tena. Kilichomsumbua ni maji. Barabarani kuna madimbwi, na San Francisco haipati mvua za namna hiyo mwishoni mwa kiangazi. Akaenda kwenye magazeti ya zamani kutafuta taarifa za hali ya hewa. Halafu akasoma namba za magari. Wakati huo California ilikuwa imeanza tu kusajili magari, sheria ilikuwa ya 1905, na mwenye gari alijitengenezea kibao chake mwenyewe, lakini namba zilikuwa zimeandikwa kwenye daftari la serikali. Kiehn akaifuata namba iliyosomeka kwenye filamu na kukuta gari hilo lilisajiliwa mapema 1906. Basi Septemba 1905 ikafa hapo hapo, kwa sababu gari haliwezi kuwa na namba kabla halijapewa.

Hivyo filamu ilisogezwa hadi siku chache kabla ya tetemeko. Siku nne ndiyo hesabu inayotajwa sana. Ningekuwa mimi ndiye ninayeandika maneno ya kipindi chako, ningesema "siku chache kabla", na sentensi hiyo ningeisimamia mbele ya yeyote.

Tarehe hiyo ilipatikana kutokana na vitu ambavyo akina Miles hawakuwa na habari navyo walipokuwa wakipiga. Walikuwa wanapiga barabara, tramu, umati. Dimbwi na kibao cha namba viliingia tu. Kwenye filamu ya kale, kile ambacho mpigaji hakukikusudia ndicho ninachokiamini kwanza. Kile alichokikusudia nakisikiliza, lakini kwa tahadhari. Na hapa kuna mfano mkali ndani ya filamu hiyo hiyo.

Wengi wakiitazama hushangaa: magari ya injini ni mengi mno kwa mwaka 1906! Yanakatiza mbele ya farasi, yanapita upande huu, yanaibukia upande ule. Fuatilia moja. Linakupita kushoto, linapotea, halafu baada ya muda ni lile lile tena, dereva yule yule, kofia ile ile. Maelezo ya Maktaba ya Bunge yanasema karibu magari yote yanayoonekana yanaizunguka kamera mara kadhaa, na kuna moja lililopita mara 10. Inaelekea kabisa yalipangwa, ili barabara ionekane ya kisasa. Kwa hiyo ukisema kwenye kipindi chako kwamba "filamu inaonyesha San Francisco ilikuwa imejaa magari", utakuwa umetangaza pambo lao kama habari. Lakini farasi, mikokoteni, baiskeli, na wale wanaume wanaokatiza mbele ya tramu kana kwamba barabara ni ua wa nyumba yao, hao hakuna aliyewapanga.

Tetemeko lilipiga tarehe 18 Aprili 1906, saa 11 na dakika 12 alfajiri. Mitetemo iliangusha, lakini moto ndio uliomaliza. Mabomba ya maji yalikuwa yamepasuka, na jiji likaungua siku tatu hivi mfululizo. Majengo yapata 28,000 yaliteketea, na zaidi ya nusu ya wakazi wapatao 400,000 wakabaki bila makazi. Idadi ya waliokufa iliyotolewa na wakubwa wa wakati ule ilikuwa mamia tu. Miaka mingi baadaye Gladys Hansen, aliyekuwa mhifadhi nyaraka wa jiji, alijitwika kazi ya kutafuta majina moja moja, na hesabu yake ikapita 3,000. Tafadhali tumia hesabu yake. Wachina na maskini wa kusini ya mwanya walikuwa rahisi kusahauliwa katika daftari la kwanza, na usiwasahau mara ya pili.

Studio ya Miles iliteketea pia. Filamu yenyewe ilipona kwa sababu ilikuwa imeshapakiwa kwenye treni kwenda New York usiku wa kuamkia tetemeko. Kama wangechelewa siku moja, leo wewe na mimi tusingekuwa na la kuzungumza.

Basi turudi kwenye video yako yenye rangi.

Hesabu kidogo. Kamera za enzi hizo zilizungushwa kwa mkono, na kasi ya kawaida ilikuwa kama fremu 16 kwa sekunde, yaani picha 16 moja moja, wakati mwingine zaidi kidogo. Video laini unayoitazama bila shaka ina fremu 60 kwa sekunde. Maana yake, katika kila fremu 60 unazotazama, kiasi cha 44 hazikupigwa na mtu. Programu ya akili mnemba imetazama fremu mbili halisi, ikakisia kilichotokea kati yake, ikachora. Mara nyingi inakisia vizuri. Mahali pengine mguu wa farasi unayeyuka kisha unarudi, uso wa mpita njia unalainishwa hadi unakuwa wa mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Hilo la uso linaniumiza kuliko yote. Yule alikuwa mtu, alikuwa na siku chache tu za kuliona jiji lake likiwa zima, na sisi tumempa sura nyingine kwa sababu sura yake halisi ilikuwa na ukungu.

Rangi nayo. Filamu ya 1906 ilikuwa haioni nyekundu. Kemikali yake iliitikia mwanga wa buluu vizuri, lakini kitu chekundu kilitoka cheusi au karibu na cheusi, na anga ya buluu ilitoka nyeupe. Kwa hiyo gauni linaloonekana jeusi lingeweza kuwa jeusi kweli, au jekundu la kuiva. Hilo halimo kwenye mkanda, na mashine haiwezi kulitoa mahali ambapo halipo. Inachofanya ni kuchagua rangi ambayo picha nyingine nyingi ilizofundishwa zingekuwa nayo. Ndiyo maana watu wote kwenye video hizi wamevaa kahawia na kijivu, kama waliambizana. Kuhusu sauti sina haja ya kusema mengi: hakukuwa na chombo cha kurekodi sauti kwenye tramu ile. Kengele, kwato, honi, vyote vimeletwa kutoka kwingine.

Sisemi watengenezaji wa video hizo ni wadanganyifu. Wengi wao husema wazi walichofanya, ila maelezo huanguka njiani video inapopita mikono kumi. Ushauri wangu ni huu: tafuta nakala isiyo na rangi kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani au kwenye Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, ndiyo uijengee hoja zako. Ukipenda kuweka sekunde chache za ile ya rangi ili mtazamaji wa leo ashtuke na kusogea karibu, iweke, lakini andika juu ya picha yenyewe, siyo mwishoni kwenye majina: rangi, sauti na sehemu ya mwendo vimeongezwa na kompyuta.

Kuna jambo jingine ambalo kipindi chako hakipaswi kulikosa. Akina Miles walirudi barabarani baada ya tetemeko wakapiga tena njia ile ile, na kwa zaidi ya karne moja sehemu kubwa ya kazi hiyo ilihesabiwa imepotea. Kisha mkanda wa kama dakika 9 ukaonekana kwenye gulio la vitu vya mitumba pale Alemany, San Francisco, ukauzwa kama vinavyouzwa vyombo vikuukuu. Ulikaguliwa, ukaskaniwa, na Aprili 2018 ukaonyeshwa kwa umma kwenye ukumbi wa Niles. Kamera inapita tena kuelekea Ferry Building, na mnara wa saa umesimama vile vile, lakini pande zote mbili za barabara ni kuta zilizobaki bila paa na vilima vya matofali. Watu wanatembea katikati, wamevaa kofia zao kama kawaida. Weka filamu hizi mbili zikifuatana, bila muziki hata kidogo, kisha uone kama kuna msimulizi anayeweza kuongeza kitu.

Mkanda ule wa Alemany ulikuwa wa nitrati, na hapa inabidi nikueleze kidogo jinsi filamu inavyokufa, kwa kuwa ndiko kunakoeleza kwa nini huwezi kupata kila unachokitafuta. Filamu za kitaalamu za milimita 35 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi. Picha zake ni nzuri ajabu, zina weusi wa kina na weupe unaong'aa, lakini mkanda unawaka kwa urahisi na ukishashika moto hauzimiki, kwa sababu unajitengenezea oksijeni yake mwenyewe. Unaweza kuuzamisha majini ukaendelea kuungua. Usipoungua, unaoza: unanata, unatoa mapovu, na mwisho unakuwa unga wa kahawia ndani ya kopo. Asetati iliyokuja kuchukua nafasi yake haiwaki vile, ila nayo ina maradhi yake. Inajikunja, inasinyaa, na inatoa harufu kali ya siki. Nikifungua kopo na siki ikanipiga puani, najua nimeitwa kama daktari anayeitwa mgonjwa akiwa keshazidiwa. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika filamu ndefu bubu za Kimarekani, karibu 11,000 kwa jumla, ni asilimia 14 tu zilizobaki katika umbo lake la asili.

Na nyingine zilipona kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Kabla ya 1912 sheria ya hakimiliki ya Marekani ilikuwa haiitambui filamu kama kitu cha kusajiliwa. Ilitambua picha za kawaida. Makampuni yakatafuta njia: yakachapa filamu nzima, fremu kwa fremu, kwenye utepe mrefu wa karatasi na kuusajili kama picha. Mikanda ikaungua, ikaoza, ikatupwa. Karatasi zikabaki stoo. Baadaye zikapigwa upya, fremu moja baada ya nyingine, zikarudishwa kuwa filamu, na zimo humo picha za San Francisco kabla na baada ya tetemeko. Ukiona filamu ya miaka hiyo ina chembechembe kama karatasi ya kukwaruza, usidhani ni ubovu wa kuskani. Huenda unaitazama karatasi.

Kwa miaka inayofuata, chemchemi yako kubwa ni mkusanyiko wa Prelinger. Rick Prelinger alianza kukusanya mwaka 1982 zile filamu ambazo wengine waliona hazina thamani: matangazo, filamu za mafunzo ya kazini, filamu za shule, na baadaye filamu za kifamilia. Mwaka 2002 Maktaba ya Bunge ilichukua makumi ya maelfu ya mikanda yake, na maelfu ziko wazi kupakuliwa bure kwenye Internet Archive. Tangu 2006 amekuwa akiandaa pia maonyesho ya kila mwaka ya picha zilizopotea za San Francisco. Ukumbini hakuna kunyamaza. Picha nyingi hazina sauti, na watazamaji ndio wanaopaza sauti: huo ni mtaa fulani, pale palikuwa na duka la viatu, rudisha nyuma kidogo! Nalipenda sana jambo hilo, kwa sababu ndivyo kumbukumbu ya jiji inavyofanya kazi. Mzee mmoja aliyelelewa mtaani hapo anaweza kumaliza ubishi ambao sisi watu wa nyaraka tungeuzunguka mwezi mzima.

Lakini ukichukua filamu ya kifamilia, usiamini lebo ya sanduku. Nitakupa kisa kimoja. Niliwahi kuletewa kisanduku cha milimita 16, filamu ya rangi, kwenye kifuniko kumeandikwa kwa wino "San Francisco 1955". Familia ilikuwa na hakika, maana mwaka huo baba yao alisafiri kwenda huko. Nikauweka mkanda mezani, nikauvuta taratibu chini ya lenzi na kutazama ukingo, nje ya yale matundu yanayoshikwa na meno ya mashine. Kodak walianza mwaka 1916 kuchapa alama ndogo hapo, duara, mraba, pembetatu na mchanganyiko wake, kila mwaka na alama yake. Shida ni kwamba mfululizo ulirudiwa kila baada ya miaka 20. Alama niliyoikuta ilikubali mkanda uwe umetengenezwa 1938, au 1958, au 1978. Hapakuwa na 1955. Nikaendelea kuuvuta hadi nikafika kwenye picha ya Ferry Building, na mbele yake, imekata jengo kama mkanda uliofungwa kiunoni, ilikuwapo barabara ya juu ya zege ya ghorofa mbili. Barabara hiyo, Embarcadero Freeway, ilifunguliwa 1959. Kwa hiyo 1938 haiwezekani, na magari yaliyoonekana yakaondoa 1978. Baba yao alikuwa amerudi San Francisco mara ya pili, akatumia sanduku la zamani, na safari hiyo ya pili hakuna aliyekuwa akiikumbuka.

Barabara ile ya zege ni msaada mkubwa kwako. Tetemeko la tarehe 17 Oktoba 1989 liliijeruhi, na ikabomolewa kuanzia 1991. Ukiiona mbele ya Ferry Building, uko ndani ya miaka hiyo thelathini na ushee. Alama nyingine ninazozitumia: daraja la Bay Bridge lilifunguliwa Novemba 1936, na Golden Gate Mei 1937, kwa hiyo minara miwili mitupu isiyo na barabara kati yake inakuweka katikati ya miaka ya 1930. Jengo la Transamerica lenye umbo la piramidi lilikamilika 1972. Mnara wa Sutro wa matangazo ya televisheni, wenye miguu mitatu juu ya kilima, ulianza kazi 1973. Ukirudi Market Street yenyewe, kebo ulizoziona 1906 hazikurudi. Baada ya tetemeko zilikuja tramu za umeme, na kwa miaka mingi mpaka baada ya vita vikuu vya pili kulikuwa na njia nne za reli sambamba kwenye barabara hiyo moja. Ukihesabu reli nane sakafuni, umeshajua enzi.

Kuanzia miaka ya 1950 kuna filamu za habari za vituo vya televisheni, na nyingi zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco. Huko usikose filamu moja, Take This Hammer, iliyopigwa 1963 na kurushwa 1964 na kituo cha KQED. Mwandishi James Baldwin anatembezwa kwenye mitaa ya Waafrika Wamarekani, Hunters Point na Fillmore, na anazungumza na vijana waliokuwa wakisimama pembeni ya barabara bila kazi. Kuielewa inabidi ujue kilichotangulia. Mwaka 1942 serikali iliwahamisha kwa nguvu wakazi wenye asili ya Kijapani na kuwafungia kambini, na nyumba zao eneo la Fillmore zikabaki wazi. Wakaingia Waafrika Wamarekani waliokuja kufanya kazi kwenye viwanda vya meli vya wakati wa vita. Idadi yao jijini ilipanda kutoka chini ya 5,000 mwaka 1940 hadi zaidi ya 43,000 mwaka 1950. Kisha mamlaka ya jiji ikautangaza mtaa huo kuwa uliochakaa na kuanza kuubomoa.

Toleo lililorushwa lilikuwa limekatwa. Wakuu wa kituo walitaka sehemu kali zipunguzwe, na mwongozaji Richard O. Moore akalazimika kuziondoa. Miongo kadhaa baadaye wahifadhi wa chuo hicho walipata toleo refu la mwongozaji, lenye kama dakika 15 zaidi, na wakaliweka wazi. Tazama matoleo yote mawili. Vijana wanaozungumza kwa hasira kubwa zaidi ndio waliokatwa, na kwa nusu karne jiji lilijikumbuka bila sauti zao. Kwa mhariri kama wewe, hizo dakika 15 zinafundisha kuliko lolote ninaloweza kukuandikia, kwa sababu waliozikata walikuwa na mkasi kama wako.

Kuhusu hakimiliki nitakwenda haraka. Filamu ya 1906 ni mali ya umma, huko Marekani na kwenu Kenya, hakuna wa kukudai. Kwa Marekani, filamu zilizotolewa hadharani zamani hulindwa miaka 95 kwa kiwango cha juu, na nyingi za kabla ya 1964 zilipoteza ulinzi mapema kwa kuwa wenyewe hawakuzisajili upya. Filamu zilizotengenezwa na serikali kuu ya Marekani hazina hakimiliki nchini humo. Za Prelinger kwenye Internet Archive unaweza kuzitumia, soma tu maelezo ya kila moja. Habari za televisheni ni kitu kingine: ziombe kwa maandishi, maana kituo kinaweza kuwa bado kinazimiliki hata kama mkanda uko chuoni. Filamu za kifamilia ambazo hazikutolewa hadharani zinaweza kulindwa muda mrefu sana, na hata zisipolindwa, mle ndani kuna watoto wa watu. Na mtego ambao utakunasa wa kwanza kuliko yote ni ile sauti iliyoongezwa. Picha ya 1906 haina mwenyewe, lakini muziki na kelele zilizobandikwa juu yake zina mwenyewe, naye anaweza kukudai. Hata aliyepaka rangi anaweza kudai kazi yake. Ukianza na nakala isiyo na rangi wala sauti, umeyaepuka yote mawili.

Ukishaipata nakala hiyo, kabla hujaanza kuikata, fanya jambo moja kwa ajili yangu. Itazame yote, dakika zote 13, ukiwa na kalamu na karatasi. Andika kila gari la injini linalopita, upande lililotokea, na kofia ya dereva. Mwite na mwenzako mhesabu pamoja. Kisha niandikieni mmepata magari mangapi, na yule aliyepita mara 10 mlimtambua mara ya ngapi.